Baridi Yao, Upepo Wetu

Hotuba hii niliitoa uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, jioni moja ya Julai baada ya sala ya alasiri. Waliokuwa baharini siku ile, na vijana wetu walioko ng'ambo, wameniomba niiandike. Nimeiweka yote kama nilivyoisema.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi wanangu mliokaa chini hapa mbele: ahsanteni kwa kuja na upepo huu. Nawaona wazee wamejitanda shuka mabegani. Namwona bwana pale kaishika kofia isipeperuke. Hiki ndicho kipupwe chetu, na hili ndilo kusi, na leo limeamka na nguvu zake.

Kabla sijaingia kwenye maneno, tazameni kamba hii niliyoifunga kati ya nguzo mbili. Nimetundika vitambaa viwili. Kimoja ni cha pamba, kipande cha kikoi kikuukuu. Cha pili ni cha sufu, manyoya ya kondoo, nimekikata kwenye sweta yangu ya melini. Vyote nimevichovya maji ya bahari sasa hivi, nikavikamua sawasawa. Viacheni hapo. Tutavirudia.

Mimi ni mzaliwa wa mtaa wa Langoni, hapa hapa Lamu. Nilifanya kazi kwenye meli za mizigo miaka kumi na tisa, nikarudi, kama wasemavyo, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Na tangu nirudi, kila mwaka vijana wananijia. Mmoja kapata kazi Norway, mwingine anakwenda kusoma Kanada, wa tatu kaitwa na mjomba wake Minnesota, Marekani. Swali lao ni moja: "Baba, baridi ya kule ikoje?" Nimeona nisijibu barazani kwa mtu mmoja mmoja. Nijibu hapa, mbele ya wote, kwa sababu jibu lake linatuhusu hata sisi tusiokwenda popote.

Nianze na swali. Kwa nini kule kuna baridi ile na hapa hakuna? Nikiwauliza watoto, wananijibu: "Kule ni mbali na jua." Hata mimi niliamini hivyo. Lakini sikilizeni. Dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, ikawa umbali wa kilomita milioni 147. Mwanzoni mwa Julai huwa mbali zaidi, kilomita milioni 152. Januari! Wakati watu wa kaskazi wanatetemeka, ndipo dunia iko karibu na jua. Basi umbali si sababu.

Aliyenifundisha ni serangi wetu, mkuu wa mabaharia wa sitahani, Mfilipino, mtu wa makamo asiye na maneno mengi. Usiku mmoja alichukua chungwa, akalichoma kijiti katikati, akawasha tochi. Akaliinamisha chungwa kidogo, nyuzi ishirini na tatu na nusu, akalizungusha kuizunguka tochi bila kulibadilisha mwinamo. Nikaona kwa macho yangu. Upande huu kichwa cha juu kinaielekea tochi, mwanga unakipiga wima. Upande wa pili kichwa kile kile kinaipa tochi kisogo, mwanga unakifikia kwa kuteleza, umetandazika, umepungua makali. Na katikati, kiunoni mwa chungwa, mwanga unapiga vile vile mwaka mzima. Serangi akaweka kidole pale kiunoni, akaniambia: "Wewe, kwenu ni hapa."

Na kweli ni hapa. Lamu iko nyuzi mbili na kidogo kusini mwa ikweta. Jua letu la saa sita mchana, mwaka wote, halishuki chini ya nyuzi 64 juu ya upeo. Tofauti ya siku yetu ndefu na siku yetu fupi haifiki nusu saa. Muadhini wa hapa anaweza kuadhini maghribi kwa mazoea tu asikosee sana.

Sasa niwapeleke Oslo, mji mkuu wa Norway. Nilifika mara ya kwanza mwezi wa Desemba. Niliamka saa mbili asubuhi nikaona usiku. Nikasema labda saa yangu imeharibika. Jua lilitoka saa tatu na robo. Nikalisubiri lipande. Halikupanda! Saa sita mchana lilikuwa juu ya upeo kwa kiasi cha jua letu la nusu saa kabla ya maghribi, jekundu, halichomi. Saa tisa na dakika chache likazama. Jamani, adhuhuri, alasiri na maghribi zote ndani ya saa tatu! Unatia udhu wa adhuhuri, hujaketi vizuri, alasiri imeingia. Hujamaliza kazi uliyoshika, maghribi hiyo. Na ukiendelea kaskazi hadi Tromsø, kuanzia mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari jua halitoki kabisa. Wiki saba. Watu wanakwenda shule, wanakwenda sokoni, wanaolewa, bila jua.

Wanangu mnaokwenda kule, hili nawaambia kwa uzito: giza lile linaingia moyoni. Nimeona vijana wenye nguvu wakawa hawataki kuamka, hawataki kula, wakadhani wamerogwa. Hawakurogwa. Ni mwili unadai mwanga. Tokeni nje mchana, hata kwa nusu saa, hata kama ni baridi. Msijifungie.

Lakini mwinamo wa dunia peke yake hautoshi kueleza mambo yote. London iko kaskazi zaidi kuliko Winnipeg ya Kanada. Kwa hesabu ya jua, London ingekuwa na baridi zaidi. Wapi! Januari London mara nyingi huwa juu ya sifuri, mvua na ukungu tu. Winnipeg wastani wake ni nyuzi kama 16 chini ya sifuri. Kwa nini? Bahari. Maji yanachelewa kupata moto na yanachelewa kupoa. London inafunikwa na bahari kama mtu anavyofunikwa blanketi. Winnipeg iko katikati ya bara, hana wa kumfunika. Nasi Waamu tuna blanketi hilo hilo. Kati ya mwezi wetu wa joto na mwezi wetu wa baridi tofauti ni nyuzi tatu au nne. Winnipeg, kutoka Julai hadi Januari, ni zaidi ya thelathini.

Nije kwenye jambo lililonifanya nipende kuisimulia habari hii.

Hapa kwetu, kusi likikaza, tunasema bahari imefungwa. Mashua hazitoki nje ya mwamba. Samaki wanaadimika, bei inapanda, mama anafungua ng'onda, samaki mkavu, aliyoiweka. Nilikuwa nadhani kufungwa kwa bahari ni taabu yetu sisi. Mpaka nilipofika Duluth.

Duluth ni bandari ya Marekani, katikati ya bara, kwenye ziwa liitwalo Superior. Kutoka pale hadi bahari ya Atlantiki ni zaidi ya kilomita 3,700, kupitia maziwa, milango ya maji na mto Saint Lawrence. Tulikwenda kupakia ngano, mwezi wa Desemba. Nahodha alikuwa hapati usingizi. Kwa nini? Kwa sababu njia ile hufungwa mwishoni mwa Desemba, na haifunguliwi mpaka Machi. Milango ya Soo, inayozitoa meli kwenye ziwa lile, nayo hufungwa tarehe 15 Januari hadi tarehe 25 Machi. Ukichelewa, umebaki ndani na meli yako mpaka barafu iyeyuke. Nikacheka peke yangu sitahani, si kwa dharau, kwa furaha ya kukutana na kitu cha nyumbani. Watu hawa nao wana kusi lao! Nao bahari yao hufungwa, nao huhesabu siku kama sisi tunavyohesabu.

Na hata chakula. Lofoten, Norway, nimeona samaki wametundikwa kwenye miti, maelfu kwa maelfu, bila chumvi, wanakaushwa na baridi na upepo kuanzia Februari. Sisi tunakausha papa kwa chumvi na jua, wao wanakausha chewa wao kwa baridi. Ukiigonga ile ng'onda yao inalia kama ubao.

Tulitoka Duluth na upepo mkali. Mawimbi yakipiga omo, maji yanaruka, na yakitua juu ya chuma yanakuwa barafu papo hapo. Nyororo, ngazi, winchi, kila kitu kikavaa barafu nene kama mkono. Je, mnajua hatari yake? Si kuteleza tu. Barafu ni uzito, na uzito ule uko juu. Meli inakuwa nzito kichwani, inalala upande inachelewa kuinuka, na siku moja haiinuki. Kwa hiyo tulitoka kwa zamu na nyundo za mbao, tunapiga, tunapiga, tunaitupa majini.

Katika zamu yangu kulikuwa na kijana wa kutoka Kipungani. Kampuni, sitaitaja, ilitupa glavu za pamba. Glavu zikaloa. Hakusema kitu, maana kijana wa Kiamu hapendi kuonekana mnyonge. Baada ya dakika arobaini nikamuuliza, mkono vipi? Akanijibu: "Sasa hauumi tena." Serangi aliposikia neno hilo alimshika akamvuta ndani. Vidole vilikuwa na rangi ya majivu, vigumu kama nta. Kijana akataka kuviweka juu ya bomba la moto. Serangi akamzuia kwa ukali. Hasikii, angeungua asijue! Akataka kuvisugua, akazuiliwa tena. Serangi akatia maji vuguvugu kwenye beseni, akayapima kwa kiwiko cha mkono, vile vile kama mama anavyopima maji ya kumkogesha mtoto mchanga, akauzamisha mkono. Uhai uliporudi kwenye vidole, kijana yule alilia kwa sauti. Ncha ya kidole cha mwisho haikupona.

Likamateni neno lile, wanangu. "Hauumi tena." Baridi ikiuma, bado una mkono. Baridi ikiacha kuuma, kimbia.

Wazee wangu, sasa niwaulize nyinyi. Ni nani aliyeileta kaskazi, upepo wetu wa pili?

Tunaijua: inaanza Desemba, inakuja na joto, bahari inatulia, na zamani ilikuja na majahazi ya Maskati, Kuwait na Gujarati, yamesheheni tende, mazulia na vyungu. Yakakaa hapa yakingoja masika na kusi, yakarudi na boriti zetu. Nyumba hizi za mawe mnazoziona zilijengwa kwa biashara ile. Lakini upepo wenyewe unatoka wapi?

Unatoka kwenye majira yao ya baridi. Bara la Asia likipoa, Siberia ikiganda, hewa ya kule inakuwa nzito. Hewa nzito inakandamiza chini, inatafuta pa kukimbilia, inakimbilia kusini kwenye hewa nyepesi ya ikweta. Ikivuka Bahari ya Arabuni inapata joto njiani, na ikifika Lamu tunaiita kaskazi. Baridi ile ile inayovunja mabomba kule, ikifika kwetu ni upepo wa kusafiria. Kisha mambo yanageuka. Kati ya Juni na Agosti ni majira ya baridi ya kusini, milima ya Lesotho inapata theluji, na India na Uarabuni ndiko kunakochemka. Upepo unatoka kusini mwa Bahari ya Hindi, unapita pwani hii, unapinda kuelekea India. Mtaalamu aitwaye Findlater, mwaka 1969, aliandika juu ya mkondo wa upepo mkali unaopita juu ya pwani yetu hii, si mbali na ardhi, na kuvuka ikweta kwenda kuipelekea India mvua. Ndio huu unaowapepea kofia.

Kwa hiyo pepo hizi mbili za Lamu, hakuna hata mmoja uliozaliwa Lamu. Zote ni watoto wa baridi ya watu wengine. Na sisi ambao hatujapata kuona theluji tumejengewa mji nayo.

Mnaisoma kila siku Suratu Quraysh. Mwenyezi Mungu anawakumbusha Makureshi safari zao mbili, rihlata shitai wa-saif, ya wakati wa baridi na ya wakati wa joto. Wafasiri wanasema baridi walikwenda Yemen, joto walikwenda Sham. Kuyajua majira kulikuwa riziki yao, na kulikuwa riziki ya wazee wetu. Mzee wangu alijua tanga mbili, kipindi cha pepo kubadilishana, inaingia lini kwa kunusa tu. Leo namwuliza kijana hapa gatini, demani ni nini? Anatazama simu, hajui kuwa ni majira kusi linapolegea. Hili linanichoma moyo, na sitaficha.

Baridi haimuui mtu kwa nambari ya kipimajoto. Inamuua kwa kumkuta hakujiandaa. Februari 2021 baridi ilishuka hadi Texas, jimbo la joto. Huko Dallas ilifika nyuzi 19 chini ya sifuri. Baridi hiyo Minnesota ni siku ya kawaida ya Januari, watoto wanakwenda shule. Texas mitambo ya umeme na gesi iliganda, nyumba zaidi ya milioni nne zikakosa umeme. Maji yakiganda yanavimba, karibu sehemu moja ya kumi, hivyo mabomba yasiyofunikwa yakapasuka, dari zikamwaga maji. Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246. Na wengine, mama zangu, hawakuuawa na baridi yenyewe. Waliingiza makaa ndani, au waliwasha gari ndani ya gereji, wakafunga milango wapate joto. Hewa ya sumu isiyo na harufu ikawalaza. Sisi tunaotumia seredani, na usiku wa kipupwe tunafunga madirisha, tumesikia? Makaa yakiwaka, dirisha liwe wazi. Hapa, na kule mtakakokwenda.

Nimebakiwa na jambo moja, na si rahisi kwangu kulisema.

Kabla sijapanda meli, mwezi kama huu, kaka yangu alitoka na mashua pamoja na watu wawili. Mmoja alikuwa mtoto wa jirani yetu, miaka kumi na sita, mwembamba. Nje ya mwamba wimbi likawapindua jioni. Walishika mgongo wa mashua usiku kucha. Kaka alinihadithia: mtoto alitetemeka sana mpaka usiku wa manane. Kisha akaacha kutetemeka. Wakafurahi, wakadhani kapata nafuu. Akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Akasema anasikia adhana ya mtaani kwetu, akataka kuogelea aifuate. Kaka akamfunga na kamba ya tanga. Kabla ya alfajiri alikuwa amekwenda.

Watu walisema kafa maji. Mama yake mpaka leo anasema kafa maji. Mimi miaka kadhaa baadaye niko darasani, mafunzo ya usalama ya mabaharia, mwalimu anaeleza: maji yanakunyang'anya joto la mwili mara kama ishirini na tano kuliko hewa. Anaeleza dalili: kutetemeka, kisha kutetemeka kunakoma, ulimi unakuwa mzito, akili inapotea. Nikatoka nje nikakaa ngazini. Yule mtoto hakumeza maji. Alikufa kwa baridi. Hapa Lamu, Julai, bahari ikiwa na joto ambalo watalii wanaogelea.

Basi wavuvi, nisikilizeni. Chombo kikipinduka, pandeni juu ya mgongo wake, mtoke majini kadiri mtakavyoweza. Upepo utawauma zaidi juu kuliko ndani ya maji, na mtatamani kurudi majini. Msirudi. Msivue nguo. Msiogelee kufuata taa iliyo mbali. Mkiwa majini hamna budi, kumbatieni magoti, mshikamane, aliye mdogo katikati. Mtu akiacha kutetemeka na bado yuko kwenye baridi, huyo ndiye mgonjwa wenu. Mkimfikisha nchi kavu, mlazeni, mvueni nguo zilizoloa, mfunikeni vikavu, msimsugue. Akiwa na fahamu zake, chai ya vuguvugu yenye sukari. Na jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe kama mto.

Sasa vitambaa vyetu. Upepo umevipiga muda wote huu, na vyote bado havijakauka. Wanangu, wazee watawapisha, njooni nyinyi kwanza. Kila mtu akifunge cha pamba kwenye kifundo cha mkono huu, na cha sufu kwenye huu, asimame pale pembeni upepo unapopita, ahesabu mpaka mia moja. Kisha aniambie ni mkono gani angependa kutoka nao usiku nje ya mwamba.